Yowe la Mto Mkavu

Kefa wa Ulemo alikuwa dereva wa malori tangu mwaka wa Uhuru, na kwa muda huo wote hakuwahi kugonga hata mbuzi. Alikuwa mfupi, mnene wa shingo, Mlutheri wa kuimba besi kanisani, mwenye hasira za haraka ambazo mtu mmoja tu aliweza kuzizima. Mtu huyo alikuwa Antipasi, utingo wake, Mnyaturu wa Sepuka, mrefu kama mwimo wa mlango. Walikuwa wamekula sahani moja na kulala chini ya lori moja miaka mingi, hata Theodora, mke wa Antipasi, aliposonga ugali alipima na tumbo la Kefa.

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, Kefa na Antipasi walitumwa kupeleka majembe na mbegu za mtama katika kijiji kipya mbele ya Sepuka, kule nchi inakoteremkia mbuga ya Wembere. Barabara ilikuwa ya jina tu. Yalikuwa mawe makubwa yaliyokaa kama ng'ombe waliolala, kisha miiba, kisha makorongo.

"Nyinyi Wanyiramba mmezoea punda," Antipasi alisema kila lori liliporuka. "Ndiyo maana unaliendesha kwa kulipiga."

"Nyamaza, Mnyaturu. Nikikuuza huko Wembere hawatanipa hata kuku."

Mchana walifika kwenye mto mkavu, na magurudumu ya nyuma yakazama mchangani. Kefa akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma bonde zima. Antipasi alikuwa akikata matawi kwa panga ili ayatandike chini ya magurudumu, mara yowe likapanda kutoka kwenye kona ya mto. Lilikuwa la wanawake, refu, lisilo na neno ndani yake.

Antipasi akasimama wima. Kwao, yowe likipigwa kila mwanamume huacha alichoshika akakimbilia huko na silaha, awe anakula au anazika. Asiyekwenda hasalimiwi tena, na siku akifiwa hakuna wa kumsaidia kuchimba kaburi.

"Ni simba huyo, au wezi wa ng'ombe," alisema.

"Ngoja kwanza tujue."

"Yowe linapigwa, nawe unaniambia ningoje? Kweli wewe ni mtu wa kuja!"

Akakimbia na panga mkononi.

Hakujua, wala Kefa hakujua, kwamba juma lililopita lori jingine lilikuwa limefika hapo na mgambo. Waliwatoa watu katika nyumba zao za tembe na kuchoma maghala pamoja na mtama uliokuwamo. Wanawake waliokuwa wakichota maji katika visima vya mchangani walisikia mngurumo uleule, wakapiga yowe kwa kuliogopa lori. Na sasa mwanamume mrefu alikuwa anawajia mbio kutoka huko, ameshika panga.

Wanaume waliteremka kutoka ukingo wa mto na marungu na mashoka. Rungu la kwanza lilimpata Antipasi begani, panga likamtoka. La pili lilimvunja meno. Alilia kwa Kinyaturu kwamba amekuja kusaidia, kwamba ni wa Sepuka, ni ndugu yao.

"Aliyetuchomea naye alisema Kinyaturu!" alijibu mtu mmoja mwenye kovu shavuni, jina lake Alute, na akampiga kichwani.

Kefa alikuwa amekwisha kuchomoa hendeli ya kuwashia injini. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Alimpiga wa kwanza mgongoni, wa pili gotini. Alute aliponyanyua tena rungu, Kefa alimpiga mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Kisha jiwe likampata yeye mwenyewe sikioni, akaangukia kifua cha rafiki yake. Marungu yakaendelea kushuka. Damu ya Antipasi ilimwingia mdomoni.

Hapo ndipo Kefa alipofungua kinywa na kupiga yowe.

Alilipiga kwa besi yake yote, akarudia. Marungu yakasita. Kutoka ng'ambo ya mto wakatokea wanaume wengine, wanahema, mikuki mikononi, wakauliza linaloulizwa siku zote: "Nani kapiga? Ana nini?" Kwa desturi yao mpiga yowe husikilizwa kwanza.

"Mimi," Kefa alisema. "Mnamwua mtu aliyekuja kuwasaidia. Nendeni mkalitazame lori."

Walikwenda. Walifunua turubai, wakaona majembe na magunia ya mbegu. Wakaweka mabega yao kwenye lori, wakalisukuma mpaka likatoka mchangani.

Antipasi bado alikuwa anapumua. Marietha, mmoja wa wanawake waliopiga yowe, alipanda nyuma bila kuambiwa, akakishika kichwa chake mapajani. Alute, mkono ukining'inia, akaketishwa mbele kando ya Kefa, apelekwe naye kwa mganga wa zahanati. Kefa aliendesha juu ya yale mawe kana kwamba hayapo.

"Dereva," Alute alinong'ona, "sikujua."

Kefa akakanyaga mafuta.

Kabla ya Sepuka, Marietha aligonga paa la kebini. Kefa akasimamisha lori, akapanda nyuma, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa Antipasi. Akakaa hivyo mpaka mkono ukachoka. Kisha akateremka, akafungua mlango wa Alute.

"Shuka."

"Dereva, huku ni porini."

Kefa alimshika kwa mkono uleule uliovunjika, akamtupa chini. Mayowe ya Alute yaliwafuata mbali sana.

Huko Sepuka, Theodora alimpokea mumewe uani. Alimfuta uso kwa khanga yake, taratibu, meno yaliyovunjika na yote. Kisha akainua macho.

"Shemeji Kefa, nani amefanya hivi?"

"Mtu anaitwa Alute. Nilimvunja mkono, nikamtupa njiani. Fisi watamaliza."

"Umemtupa?"

"Shemeji, amemwua Antipasi!"

"Nimesikia." Sauti yake haikupanda. "Basi mimi nitamuuliza nani? Fisi? Geuza lori ukamlete hapa, akiwa hai, aniambie mwenyewe alimfanya nini mume wangu."

Kefa alisimama, akamtazama rafiki yake pale chini. Kisha akarudi kwenye lori na kuligeuza kuelekea porini.