Kiporo cha Alfajiri

Nilimchukia kwa sababu ripoti yake ilifunguka kabla bosi hajamaliza kukoroga chai. Yangu ilimsubirisha mpaka chai ikapoa. Nasema wazi: nilimwonea wivu, wivu wa kuninyima usingizi.

Tulikuwa wawili kwenye ofisi ya mnunuzi wa tangawizi pale Same, miaka ile soko limeachwa huru na kila mwenye lori amejiita kampuni. Bosi alikuwa akifungua ripoti za ghala kwa intaneti, na intaneti yenyewe ya kusuasua. Mfumo niliutengeneza mimi, mtoto wa wakulima wa tangawizi kule Mamba: ukiomba ripoti, kompyuta inajumlisha mizigo yote upya, gunia kwa gunia. Mwenzangu, mtoto wa wakata mkonge, kaja juzi tu, akaleta njia yake: kompyuta ijumlishe kila kitu alfajiri, majibu yakae tayari. Bosi akasema atazijaribu zote mbili, kisha achague moja, na mwenye njia hiyo ndiye atakuwa mkuu wa kitengo.

"Hicho ni kiporo," nikasema mbele ya watu. "Bosi mzima unamlisha kiporo?"

Loh, nilijipalia makaa. Nani alinituma kukitukana kiporo mbele ya Wapare? Makande yaliyolala ndiyo matamu! Tangu siku hiyo ofisi nzima ikawa, "Nifungulie kiporo." Hata bosi. Naye mwenzangu anacheka: "Dada, asante kwa jina." Dada! Nilitamani kummwagia chai.

Siku ya mwisho ya majaribio, malori mawili yaliingia saa nne kutoka Gonja, ghala likajaa. Niliona kwenye ripoti yangu. Kiporo cha alfajiri kilikuwa bado kinasema nafasi tele. Bosi akakisoma, akapiga simu Mamba: leteni. Nilijua hata dawa yake: miezi iliyopita iwe kiporo, mizigo ya leo ijumlishwe papo hapo. Kazi ya mistari michache tu. Nikafyata ulimi. Aumbuke, nikasema moyoni, tuone atacheka na nani.

Lori la Mamba lilifika mchana. Magunia yakashushwa nje, na jua la Same halina huruma na tangawizi mbichi. Bosi akamfokea mwenzangu mbele ya makuli. Mimi nikatoka kushuhudia, roho kwatu.

Juu ya magunia alikaa mama yangu, akiyafunika kwa khanga yake. Hakuwa ameniambia kwamba anakuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi nyie na makompyuta yenu humo ndani, hakuna hata mmoja aliyejua kumejaa?"

Nikashika ncha ya khanga, nikamsaidia kufunika. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu.

"Ni kosa langu, mama," akasema, akavua shati lake na kulitandaza juu ya gunia lililobaki wazi.

Mama akamshukuru, naye akamwita "mwanangu". Nikamwonea wivu hata kwa hilo.