Gatwiri Hatoi Mbuzi

Juma lile kijijini Muthara hakukuwa na habari nyingine ila mti wa Mzee M'Mwirichia. Ulizungumzwa dukani, ukazungumzwa kanisani, na kila aliyeuzungumza alimalizia na jina moja: Gatwiri. Eti yeye ndiye aliyeuvunja. Na ukweli ni kwamba Gatwiri hakuwahi hata kuugusa, maana huku kwetu mwanamke hapandi mti wa miraa wala hachumi, na mti mzee kama ule hata wanaume huupanda kwa adabu. Babu yake Mzee aliukuta umesimama.

Sasa mtu anavunjaje mti ambao hajaugusa? Kwa gemu, walisema.

Gatwiri ana banda la mabati sokoni, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Ndani mna televisheni, mabenchi, na usukani mmoja wa plastiki wenye pedali zake, ambao vijana wanaupigania kama mfupa. Wanakuja kucheza gemu ya magari ya mashindano. Banda hilo ndilo linalomlisha yeye na mama yake tangu mumewe alipoenda Nairobi na kusahau njia ya kurudi. Wengi walidhani angelifunga na kwenda kuuza nyanya. Hakufunga. Alijifunza kutengeneza waya mwenyewe, akajifunza kucheza mwenyewe, na leo akikaa kwenye usukani ule hakuna kijana anayemfikia isipokuwa Stephen.

Huyo Stephen ni mpwa wa Mzee M'Mwirichia, kijana aliyeshamaliza shule zamani, na ndiye dereva wa pikapu ya mjomba wake. Kazi yake ni kukusanya miraa kwenye mashamba ya juu na kuikimbiza Laare, kwa wanunuzi, kabla haijanyauka. Asubuhi moja, akishuka kutoka huko juu, gari lilimshinda kwenye kona iliyo chini ya boma la mjomba wake mwenyewe. Likaruka mtaro, likaingia shambani, likaukata ule mti kwenye shina. Stephen alipelekwa hospitali mjini Maua, mguu umevunjika pabaya. Kufikia mchana watu walikuwa wameshapata sababu: huyu si ndiye bingwa wa gemu kwa Gatwiri?

Wazee wa kijiji wakakaa, wakatoa neno. Gatwiri alete mbuzi, apatane na mwenye mti, halafu mambo yaishe. Asipoleta, banda libaki limefungwa. Wakamtuma mtu na kufuli.

Mama yake alimlilia. "Toa mbuzi, msichana wangu. Ni mbuzi tu. Mimi nitatoa ile yangu ya rangi ya kahawia, wale, waende."

"Mama, ukitoa mbuzi umekubali kosa. Kesho kijana mwingine akianguka na pikipiki, watakuja tena na kufuli. Tutatoa mbuzi mpaka lini?"

"Watu wote wanauza miraa kupitia Mzee. Nani atakusimamia?"

"Mimi nitasimama."

Ndivyo alivyo. Ukimwambia Gatwiri barabara imefungwa, atakuuliza nani ameifunga na kwa nini. Lakini tusimsifu kupita kiasi. Kwa siku kadhaa hakulala vizuri, kwa sababu jambo lenyewe lilimkera kichwani. Je, kama wanasema kweli? Alimjua Stephen kwenye gemu. Alijua kwamba akifika kwenye kona hapunguzi, anaegemea gari la mwenzake ili limgeuze. Je, kama mkono wake ulizoea ujinga ule ukaurudia pale kwenye lami?

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa akienda Maua kujifunza kuendesha gari, kwa mzee mmoja mpole aitwaye Jama, aliyewahi kuendesha malori ya masafa marefu. Siku ya kwanza alijiona tayari ni dereva. Jama alimwacha aendeshe kidogo, kisha akacheka.

"Dada yangu, macho yako yamekomaa. Unaona kona kabla hujafika, unaona na ile ng'ombe kule mbele. Lakini mguu wako ni mtoto mchanga. Na hio kioo hapo juu, ni ya kupaka poda?"

Kweli hakuwa ameangalia kioo hata mara moja. Kwenye gemu aliye nyuma yako ameshindwa, unamwangalia wa nini?

Basi akaenda hospitalini Maua kumuuliza Stephen mwenyewe. Alimkuta peke yake, mguu umetiwa vyuma, midomo imekauka. Hakumuuliza habari za mti. Alimuuliza nani mwingine amekuja kumwona.

"Mamangu tu. Wengine wako busy na mti."

Ndipo Stephen akamweleza ilivyokuwa. Gatwiri akasikiliza, akasikia hasira ikimpanda kutoka miguuni. Akamuuliza kama anamruhusu kuyasema mbele ya wazee.

"Sema," Stephen akajibu. "Mimi nimechoka kunyamaza. Hata hapa nikifunga macho nasikia tu ile sauti."

Siku ya kikao cha kuyamaliza, wazee walikaa uani kwa Mzee M'Mwirichia, na ule mti wenyewe umelala pale chini ya ua, majani yake yamesinyaa. Mwalimu Eunice, aliyealikwa kwa sababu amesoma, alizungumza kwanza. Alisema vijana wanaharibika, gemu inawafundisha mbio, na kwamba yeye binafsi ameona wanafunzi wakikata kona kwa baiskeli kama wendawazimu. Watu wakaitikia.

Mzee M'Mwirichia akamgeukia Gatwiri. "Wewe, mtoto wa watu, hatutaki kukuumiza. Lete mbuzi tumalize maneno. Ama unataka kusema hiyo gemu yako haina makosa?"

Hapo angeweza kusema haina, akajitetea. Hakusema.

"Iko na makosa, Mzee. Mimi mwenyewe najifunza gari huko Maua, na gemu imenipatia macho lakini haikunipatia breki. Gemu haifundishi mtu kuogopa. Ukigonga, unaanza upya."

Minong'ono ikapita. Mwalimu Eunice akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Lakini niulize," Gatwiri akaendelea, na sasa alikuwa amesimama. "Nani hapa anawafundisha kuogopa? Pikapu ya miraa ikipita hapo sokoni kama imechomwa, si tunasimama tunapiga makofi? Dereva akifika Laare wa kwanza, si ananunuliwa soda? Dereva wa pole pole anapewa kazi na nani hapa? Hiyo mbio hawakuitoa kwa banda yangu. Waliikuta nyumbani."

"Chunga mdomo," mzee mmoja akasema.

"Nimeuchunga wiki yote. Mzee M'Mwirichia, nakuuliza kwa heshima. Stephen akifika hiyo kona, alikuwa anaongea na nani kwa simu?"

Mzee akatazama mikono yake. Wanaume waliokuwa wamekaa karibu naye wakaanza ghafla kupendezwa na viatu vyao, maana kila mmoja alijua jinsi Mzee anavyowapigia madereva wake simu, na kila mmoja alikuwa na miraa ya kumuuzia kesho yake. Nyani haoni kundule, na wenzake wakila kwake hawamwonyeshi.

Aliyesema ni Igoki, mke wa Mzee. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika la chai.

"Si uwaambie, Baba Karimi? Mimi nilikuwa hapa jikoni. Ulikuwa hapo nje unapiga kelele, 'Kanyaga, kanyaga, mnunuzi anaenda!' Ukasikia huo mshindo kwa simu kabla sisi tusikie na masikio."

Mzee hakukana. Kusema kweli hakuweza, uso wake ulishamsaliti. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi nilikuwa nampigia."

Mwenyekiti wa wazee alikuwa mtu wa kupenda amani. Akakohoa, akaona upenyo. Kama makosa yako pande zote mbili, alisema, basi na mbuzi agawanywe. Mzee atoe nusu, Gatwiri atoe nusu, waule pamoja hapa hapa, na kufuli itoke. Watu wakashusha pumzi. Mama yake Gatwiri akaanza kushukuru Mungu kwa sauti.

"Hapana," Gatwiri akasema.

"Wewe msichana!" mama yake akalia.

"Nusu ya mbuzi ni nusu ya kosa. Sina hata kwato ya kutoa." Hakukaa. "Na hiyo mbuzi mnataka kula hapa kwa ajili ya nani? Ya mti? Mti haina mdomo. Mmekaa wiki mzima mkililia mti, na hakuna mtu mmoja hapa ameenda Maua kuona Stephen. Mguu imeshikwa na vyuma. Anakunywa chai ya hospitali. Mtu akivunjika mfupa sisi hapa tunampikia supu ya mbuzi tangu zamani, na nyinyi mnataka kuichoma mle!"

Mwalimu Eunice aliinamisha kichwa. Gatwiri aliona machozi yanamtoka, akayaacha yatoke, kwa sababu alikuwa na hasira na hakujali nani anamwona.

Mzee M'Mwirichia akainuka taratibu. Hakumtazama Gatwiri, wala hakuomba msamaha kwa maneno, maana wanaume wa rika lake hawakufundishwa hayo. Alienda zizini, akarudi na beberu wake mkubwa, yule aliyekuwa akimtunzia Krismasi, akamfunga kamba shingoni. Mwenyekiti akauliza kama ndiyo aite mtu wa kuchinja.

"Hapana," Mzee akasema. "Huyu si wa hapa."

Akatoka langoni akimvuta yule beberu, kuelekea kwa dada yake, mama wa Stephen. Igoki akaweka birika chini, akajifunga leso, akamfuata na sufuria ya kupikia supu.

Gatwiri naye hakungoja wazee waagane. Alishuka hadi sokoni, akaomba nyundo kwenye kinu, akaigonga ile kufuli mpaka ikaachia.