Hisa Elfu Moja na Mia Nane za Mama

Wacha nitaje ujinga wangu mwenyewe kabla mtu mwingine wa Isiolo hajawasimulia na kuongeza chumvi. Nilisimama katikati ya mnada wa mbuzi, mbele ya madalali, wanunuzi kutoka Nairobi na askari mmoja aliyekuwa anatafuna mahindi ya kuchoma, nikamwita mzee wa watu mwizi. Na nilikuwa na ushahidi kwenye simu. Huo ushahidi ndio ulinimaliza. Ningekosa ushahidi, pengine ningenyamaza.

Mzee mwenyewe ni dalali wa mama. Mtu asiyejua mnada wetu anafikiri dalali ni wa kutafuta bei tu. Kwetu dalali anakudhamini. Mnunuzi akiuliza, "Huyu mbuzi si wa wizi?" dalali ndiye anajibu, "Mwenyewe namjua," na hapo ndipo pesa inatoka mfukoni. Bila hilo neno, mama angesimama pale na mbuzi wake mpaka jua liwakaushe wote. Mama ni Mturkana, Jumapili yuko kanisani. Mzee ni Mborana, Ijumaa yuko msikitini. Kuna miaka watu wetu na watu wake hawakuwa wanapeana hata salamu, lakini hao wawili waliuza mbuzi pamoja mwanzo mpaka mwisho.

Sasa hizo hisa. Zamani, mimi nikiwa bado nanyonya, kampuni moja ya kompyuta huko Nairobi iliwauzia wananchi hisa, yaani vipande vya umiliki wake. Mama alitaka, lakini hakuwa na kitambulisho. Kila akienda kukiomba aliambiwa arudi na barua ya chifu, arudi na mzazi, arudi wiki ijayo. Kwa hivyo akampa mzee elfu nane, na mzee akamnunulia kwa jina lake mwenyewe, pamoja na zake. Akamwandikia karatasi: hisa mia mbili, kila moja shilingi arobaini. Mama akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yangu ya kliniki, na ikalala hapo.

Mwaka jana mama akaamua kuezeka upya nyumba yetu ya Chechelesi kwa mabati. Akaitoa ile karatasi.

"Wewe si unasoma biashara?" akaniambia. "Niangalizie hii kitu imefika wapi. Siku ya mnada nitamwambia mzee auze."

Nilikuwa kidato cha tatu, na darasani somo la biashara nilikuwa nalitumia kulala. Lakini nikanunua bando ya shilingi ishirini, nikaingia mtandaoni, na kweli, kampuni ilikuwa hapo, na bei zake zote za nyuma, mwezi kwa mwezi, mpaka ule mwaka nilikuwa bado nanyonya.

Nilianza kushuku hapo hapo. Mimi nimekulia mnadani. Kwetu mzee akitaka kutaja bei anaingiza mkono chini ya shuka na kumshika mwenzake vidole, ili wa pembeni asijue. Hakuna mtu anakuambia aliuza ngamia wake pesa ngapi mwaka juzi, hata ukimnunulia chai. Sasa hawa watu wa kompyuta wanamwaga bei zao zote bure, kwa mtu hawamjui, saa yoyote? Wanatafuta nini?

Halafu kila siku ilikuwa na bei nne. Ya kufungua, ya juu, ya chini, ya kufunga. Nikasema aha, hawa hata wenyewe hawajaamua. (Ingawa, kusema kweli, mbuzi wa mama pia anaamka na bei moja, saa nne anapanda, saa saba jua likiwaka anashuka, na anauzwa kwa nyingine kabisa. Lakini siku hiyo sikuwa natafuta kuelewa. Nilikuwa natafuta mwizi.)

Nikarudi nyuma mpaka mwezi ambao mama alitoa pesa. Bei: shilingi nne.

Nikafuta kioo cha simu kwa shati. Nne.

Karatasi ya mzee inasema arobaini. Mtandao unasema nne. Nikapiga hesabu: elfu nane kwa bei ya nne ni hisa elfu mbili. Mama aliandikiwa mia mbili. Hisa elfu moja na mia nane zilikuwa zimeenda wapi? Hata mbuzi wakipotea hivyo huacha vumbi.

Ukishaanza kushuku, kila kitu kinajipanga foleni. Nikakumbuka mzee alikuwa amenunua tangi jipya la maji. Nikakumbuka kijana wake ana pikipiki. Nikakumbuka kwamba kila siku ya mnada, tangu nikiwa mdogo, ananinunulia mandazi. Kwa nini? Mimi ni nani? Nikajiambia, ndugu, umekuwa ukihongwa kwa mandazi miaka kumi na bado unasema shukran.

Nilimwonyesha mama. Aliangalia simu, akaangalia karatasi, akanirudishia simu.

"Nitamuuliza mwenyewe," akasema. "Kwa heshima. Wewe usitie neno."

Siku ya mnada tulifika na mbuzi saba. Mzee akaja na fimbo yake, akacheka kama kawaida.

"Habari ya nyumbani, mama? Na wewe ilma, shule inasemaje?" Ilma ni mwanangu kwa Kiborana.

Akaweka mkono mgongoni mwa beberu wetu mkubwa na kumwita mnunuzi. Mama akasema, "Mzee wangu, kabla ya hayo, kuna kakitu nataka kukuuliza baadaye, tukinywa chai."

Baadaye! Tukinywa chai! Nikaona mama anataka kumpa mwizi muda wa kutunga hadithi.

"Uliza sasa!" nikasema. "Mzee, hisa za mama zilikuwa za shilingi nne. Wewe uliandika arobaini. Elfu moja na mia nane umekula wewe. Iko hapa, kila mtu aone!" Na nikainua simu juu kama refa anayetoa kadi nyekundu.

Dalali mmoja akapasuka kicheko. "Mzee! Leo umeshtakiwa na mtoto wa kamasi!"

Mwingine hakucheka. Akauliza polepole, "Amekula pesa ya nani?"

 Mzee hakunikasirikia hata. Alitoa tu mkono mgongoni mwa yule beberu, akaupangusa kwenye shuka.

"Mama," akasema, "mbuzi ni wako, wauze. Lakini leo mimi siwezi kumwambia mtu kwamba nakujua. Nyumba yako inasema hainijui."

Akaondoka. Mnunuzi akasubiri kidogo, akaangalia mbuzi wetu vile mtu anaangalia nyama iliyolala dukani siku tatu, naye akaenda. Tulirudi Chechelesi na mbuzi wote saba. Mama hakuongea njia nzima. Mbuzi pia hawakuongea, na hao kwa kawaida wana maneno kuniliko.

Kesho yake nikampelekea mwalimu wa biashara ushahidi wangu, simu na ile karatasi, nipate mtu mmoja wa upande wangu. Akavaa miwani.

"Hii bei ya nne umeitoa wapi?"

"Mtandaoni, mwalimu. Ni rekodi yao wenyewe."

"Umesoma mpaka chini?"

"Chini kuna nini?"

Chini kulikuwa na mstari mmoja, herufi ndogo kama sisimizi. Mwalimu akausoma, akatoa noti ya elfu moja.

"Nikikubadilishia hii kwa noti kumi za mia, umetajirika?"

"Hapana, mwalimu."

"Umeibiwa?"

"Hapana. Kama hakuna bandia."

"Basi kampuni ilifanya hivyo hivyo. Kila hisa moja ikawa kumi. Bei ya moja ikagawanywa kwa kumi. Halafu wanaoweka rekodi wakarudi nyuma, wakagawanya na zile bei za zamani zote kwa kumi, ili ukichora mstari usione kama kampuni ilianguka shimoni siku moja. Arobaini ya mzee wako ndiyo nne yako. Ukitumia bei ya rekodi, tumia na idadi ya hisa ya sasa. Wewe umechukua bei ya rekodi ya leo ukaiozesha kwa idadi ya jana."

"Yaani wanabadilisha mambo ya zamani, halafu wanasema kwa herufi za sisimizi?"

"Walisema. Wewe ndiye hukusoma."

Kwa hao watu wa herufi ndogo bado nina neno, lakini si siku hiyo.

Jioni nikamweleza mama kila kitu, pamoja na ule mfano wa noti za mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga leso, akasema, "Vaa viatu."

Kwa mzee niliita "Salaam aleikum" kwa sauti kubwa kuliko mwadhini. Mimi ambaye siku zote humsalimia kwa habari tu. Alitukaribisha. Nikaomba msamaha, nikamweleza kwamba arobaini na nne ni kitu kimoja. Akasikiliza akiangalia lile tangi la maji. Kisha akaingia ndani, akarudi na bahasha nyingi zimefungwa kwa kamba ya gunia. Zote zilitoka kwa ile kampuni. Zote hazikuwa zimefunguliwa.

"Ni Kizungu," akasema. "Nilikuwa namwekea mama yako mpaka siku atakayouliza. Wewe ndiye umesoma. Fungua."

Aibu yangu ilikuwa nyingi, lakini nawaambia ukweli: hata hapo nilipitisha kidole kwenye gundi nione kama kuna bahasha iliyofunguliwa ikafungwa tena. Mzee aliniona. Mama aliniona.

Nikasoma. Barua moja ilisema kila hisa imekuwa kumi. Ya mwisho ilisema akaunti ina hisa elfu nne. Mzee naye alinunua mia mbili siku ile; zake zilikuwa zimekuwa elfu mbili, na za mama vivyo hivyo. Kwa bei ya mwisho niliyoona, shilingi kumi na moja, za mama zilikuwa elfu ishirini na mbili. Haikupotea hata moja.

"Toka nje, ilma," mzee akasema. "Niongee na mama yako."

Nilikaa karibu na ile pikipiki nikihesabu spoku zake. Waliongea sana, sauti ya chini, na sikusikia kitu. Mama alipotoka alikuwa amebeba zile bahasha zote. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani ndipo nikathubutu kumuuliza mzee amesemaje.

"Kuuza mbuzi amekubali, nimpelekee kama kawaida," mama akasema. "Hisa amesema nihamishe kwa jina langu, kwa sababu sasa nina kitambulisho, na yeye hataki kushika kitu chetu tena. Miaka hii yote hajawahi kuniuliza kama namwamini. Leo ameniuliza mara mbili."