Makopo ya Asumini Chumbani mwa Mama

Asubuhi nikifungua kibanda changu cha miche, kinachonipokea kwanza ni harufu ya mchanga mbichi na makumbi ya nazi yaliyolowa. Vijana wangu wanasema ni uvundo. Mimi inanirudisha mtaani Mabawa, chumbani mwa mama, nikiwa na miaka tisa.

Nisiwafiche, ndugu zangu, kwa mambo ya maua mimi ni mtu mkubwa hapa Tanga. Shule niliiacha darasa la nne, na bado nimejenga, nimeoa, nimehiji. Asumini inayovaliwa harusini kutoka hapa hadi Horohoro, kama haikutoka kwangu, basi mama yake alitoka kwangu. Lakini kazi hii sikufundishwa na mwalimu. Niliiona kwenye makopo ya siagi, chini ya dirisha la mjane.

Baba alipofariki, mama alikaa eda. Kwetu mjane hutulia ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hagusi manukato, wala haonekani na wanaume wa nje. Nyumba ilikuwa ya babu, baba na nduguze walikuwa hawajagawana. Uani palikuwa na mwasumini wa mama. Ikitokea harusi mtaani alichuma matumba yake, akayatunga kwa sindano na uzi, na hapo ndipo tulipopatia riziki.

Hitima haijasomwa, ami Salehe, mdogo wake baba, akaanza kuupima ua kwa hatua. Mimi nikamfuata nyuma nikitanua miguu kama yeye, naona mchezo mtamu kweli. Akasimama penye mwasumini, akatikisa kichwa. Mama alikuwa akichungulia dirishani. Ami alipoondoka, mama akanipa kisu.

"Kanikatie matawi. Yasiwe machanga, yasiwe kuni. Kata chini ya kifundo."

Aliosha mchanga mpaka maji yakatoka meupe, akautia kwenye makopo aliyoyatoboa kwa msumari. Akapurura majani, akabakisha mawili tu juu. Kila kopo akalifunika kwa chupa ya jamu, akayapanga chini ya dirisha.

"Mwanga yaupate, jua lisiyaone. Kama mimi," alisema, akacheka kidogo. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

Kila tumba lililochungulia alilikwanyua, akanituma nikalitupe chooni, maana asumini ni manukato na yeye yu edani. Mwenyewe nawafundisha vijana wangu vivyo hivyo leo: tumba linanyonya nguvu ya mzizi.

Mafundi wakaja, mwasumini ukang'olewa kupisha msingi wa vyumba vya kupangisha. Tukabaki na makopo yale tu.

Eda inakaribia kwisha, majani mapya yameshaanza kutokeza, ndipo akaingia shangazi Zuhura, dada yake baba.

"Wifi, huna haya? Udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe unajioteshea asumini chumbani?"

"Hayana ua hata moja, wifi. Njoo unuse."

"Ninuse mimi? Kwani huyo unayemtengenezea harufu hana pua?"

Shangazi akayakusanya makopo kwenye sinia, akaenda kuyapanga juu ya bati la banda la kuku, juani, bila chupa zake. Uani wamejaa mafundi, wanaume watupu. Mama hakuweza kutoka. Mimi nilikuwa chuoni, nasoma Kurani; haya mama alinisimulia baadaye. Niliporudi alasiri nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, ameshika komeo.

"Niletee, mwanangu. Polepole."

Akachomoa tawi moja. Lilikuwa limeota mizizi, jamani! Mingi, myembamba kama ndevu za mahindi, yote imekauka imekuwa kahawia. Akaitazama. Kisha akalirudisha mchangani, akaligandamiza kwa vidole viwili.

"Yameshika," akasema. "Yanataka maji tu. Kazi hiyo nakuachia wewe."

Eda ilipokwisha tulitolewa. Mama alibeba furushi, mimi nikabeba makopo, tukaenda kwa bibi mzaa mama, Pongwe. Mama akawa anazunguka kuwafulia watu nguo. Akirudi mikono imechubuka, kabla hajaketi ataniuliza:

"Yanaendeleaje?"

"Mazuri, mama."

"Nilijua una mkono mzuri."

Majani yalipopukutika, aliniambia yanajibadilisha. Nikaamini. Nikaendelea kumwagilia vijiti, naamka mapema kuliko jogoo wa bibi, kwa raha zangu.

Sasa kazi yenyewe imenifunza. Mzizi mchanga wa asumini ukichomwa na jua namna ile haufufuki, hata uuloweke kwenye Zamzam. Mama alilijua hilo palepale alipolichomoa lile tawi. Alinitafutia kitu cha kuamkia asubuhi, na yeye mwenyewe hakuwa nacho.