Masaa Mawili ya Angani

Mimi ni fundi saa. Ufundi nimeurithi kwa baba, ila wivu sikumrithi mtu, huo ni wangu mwenyewe. Anayetaka kucheka na acheke. Mume wangu hutengeneza mashine za eksirei hospitalini, na mwaka jana wakubwa wake walimpeleka kwenye mafunzo ya wiki moja katika mji wa mbali, kilomita elfu nane na ushee. Ningemfungashia kwa furaha, lakini huko ndiko anakoishi mwanamke aliyekuwa mchumba wake kabla yangu. Picha yake nimeiona. Ana shingo ndefu, basi mimi namwita Bi Shingo.

Alipoondoka nilitundika saa ya ukutani kibandani kwangu, nikaisogeza mbele ifuate majira ya kule. Wateja wakiuliza, nasema hiyo mbovu, iacheni. Nilijua anakula saa ngapi na analala saa ngapi, na roho iliniuma vilevile.

Wakati wa kwenda aliniandikia "tunaruka", kisha "nimetua". Nikahesabu masaa tisa. Wakati wa kurudi, masaa kumi na moja! Ndege ileile, njia ileile! Mimi ambaye saa ya mteja ikichelewa dakika moja kwa wiki naifungua tena, leo nidanganywe masaa mawili mazima? Thubutu!

"Haya mawili umeyaacha kwa nani?" nilimuuliza kabla hajavua viatu.

"Mama watoto, ni upepo. Wakati wa kurudi ndege inapigana nao."

"Upepo! Wanasema njia ya mwongo ni fupi, baba. Yako mbona inarefuka?"

Nilimnunia siku tatu. Chakula namwekea mezani, mimi nakwenda kula changu jikoni. Nikamwambia Ijumaa narudi kwa mama yangu na watoto, na sanduku nikalitoa kabisa likakaa mlangoni alione. Hakubishana. Alilizunguka tu kila akipita.

Siku ya nne akaja kibandani dada mmoja anayeuza tiketi za ndege, betri ya saa yake imekwisha. Nikiwa na lenzi jichoni, nikamuuliza kama mtu anayepiga soga tu: mji ule ni mwendo wa masaa mangapi?

"Kwenda tisa, kurudi kumi na moja," akasema. "Huko juu kuna upepo mkali wa upande mmoja. Unaisukuma ndege ikienda, unaizuia ikirudi. Ndivyo ilivyo siku zote, shoga yangu."

Loo, aibu iliyonishika! Betri nilimwekea bure, nikafunga kibanda mchana kweupe, nikaenda nyumbani mbiombio. Nilimkuta mume wangu anapiga pasi shati la kazini.

"Nisamehe, mume wangu," nikasema, bado nahema. "Nimekusingizia. Ni upepo kweli."

Nilidhani atanicheka. Akachomoa pasi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Umeyachunguza masaa mawili ya angani. Wiki nzima niliyokaa kule hukuniuliza hata siku moja."

Nikakaa kando yake.

"Haya. Nakuuliza."

Akaangalia mikono yake. "Alikuja kunipokea uwanja wa ndege," akasema. "Kwenye ile hoteli niliyolipiwa sikulala hata usiku mmoja."