Siku Mama Ngalula Aliyotaka Kuona Ndeke

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulitoka misa pale Manika, mutaa wetu, Mama Ngalula, mama mukwe wangu, akasema harudi nyumbani mpaka aone ndeke, hizi ndege za kubeba watu.

Ilikuwa wakati wa Zaire, mi nikiwa bibi-arusi mupya. Kando ya uwanja wa ndeke kulikuwa na nyumba ya bati walimokusanya ndeke za zamani, watu waje kuziangalia. Kila dimanche, siku ya misa, mume wangu Kalonji alimukatalia mama yake: mara jua kali, mara mulango umefungwa. Lakini mutoto wa kwanza wa Mama, Mukendi, kaka ya Kalonji, alikuwa fundi wa ndeke kule Dilolo, na Kalonji alituambia amevuka mupaka, anatumika kazi Angola.

"Kama simuoni yeye," Mama alisema, "nione hata kitu mikono yake ilitengeneza."

Tukaingia, Kalonji akitufuata nyuma. Mama akapapasa bawa. "Kumbe ni bati tu! Bati hii hii njo inapanda juu?" Tukacheka.

Mulinzi, Tata Ilunga, alifurahia wageni. Akatuonyesha elisi, ile panga inayozunguka mbele ya ndeke, imekunjamana kama jani kwa moto.

"Hii, basitwayen, ndugu raia, ni ya ndeke ilianguka Dilolo. Rubani alipona. Fundi wake, Mukendi, mutoto wa Manika, njo alikufa. Balimuzika kule kule. Mutu wa kucheka sana, ule!"

Niligeuka nimuone Kalonji naye ameshtuka. Hakushtuka. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikajiambia, mwanangu: Kumbe ninalala na mutu anayejua!

Mama hakupiga kelele. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kwenye simenti.

"Kalonji. Ulijua?"

"Mama, tulingojea kaka zako batoke Kasai. Njo bo, wajomba, banapaswa kukuambia musiba. Ni desturi yetu."

"Nilicheza ku ndoa yako, Kalonji. Nilicheza mpaka viatu vikatoka, mutoto wangu akiwa mu udongo. Na weye ulipiga makofi."

Ndoa yangu, mwanangu. Ndoa yangu ile.

Hapo njo alilia. Tata Ilunga akavua kofia, akafunga mulango, na matanga ya Mukendi ikaanzia pale, katikati ya zile ndeke.

Kwa hiyo sikia. Msiba ukifika, wajomba uwangojee kwa mambo mengine, si kwa machozi ya mama. Mukalishe, mushike mukono, umwambie, hata sauti ikitetemeka. Mungu akupe kinywa kisichoogopa. Na watoto wako ndio wakuzike weye, si weye uwazike.