Muhtasari Ulioandikwa Kabla ya Mkutano

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini saa moja na nusu asubuhi, vumbi la treni likiwa bado kwenye nywele. Afisa Utumishi, mtu wa Tanga aliyevaa kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka mifukoni, alisoma barua yangu ya ajira, akanitazama, akaisoma tena.

"Una digrii," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na umekubali kuja Kigoma."

"Nimepangiwa, mzee. Sikuulizwa."

"Basi na wewe usiulizeulize."

Hilo ndilo agizo la kwanza nililopewa katika utumishi wa umma. Nimestaafu bila kulitekeleza, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja nitaieleza.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Ziwani watu walikuwa wakishuka kwenye mitumbwi na magodoro kichwani, na barabara ya Mwandiga ilijaa magari meupe yenye antena ndefu. Mimi, mtoto wa Kilosa, nilipanga chumba Kasingirima kwa mama mmoja aliyenifundisha kupika migebuka, samaki wa ziwa lile. Nilipangwa kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii katika tarafa moja ambayo sitaitaja, chini ya Katibu Tarafa, mwalimu mstaafu kutoka Singida. Yeye ndiye aliyekuwa jicho la serikali juu ya kata na vijiji vyote vya eneo lile, na jicho hilo lilisafiri kwa pikipiki moja iliyokataa milima.

Kazi yangu kubwa ilikuwa mikutano. Vijana mnaoanza kazi leo mna kompyuta na ujumbe wa simu, lakini msingi ni uleule. Mkutano mkuu wa kijiji ni watu wazima wote wa kijiji, na kisheria hakuna mkubwa kuliko wao katika mambo ya kijiji chao. Kwanza unahakikisha akidi, yaani idadi inayotosha kufanya mkutano uwe halali. Kisha unasoma ajenda, unapitia yatokanayo na kikao kilichopita, mnajadili, na mwisho kabisa yanakuja mengineyo. Yote yanaandikwa kwenye muhtasari, mwenyekiti na katibu wanasaini, muhuri unagongwa. Nilikuwa nimeyasoma haya chuo kikuu na kuyafanyia mtihani. Nilidhani nayajua.

Mwezi wangu wa kwanza Katibu Tarafa alinipa karatasi ya kupeleka kijiji kimoja cha ufukweni. Ulikuwa muhtasari uliokwisha kupigwa taipu, ukisema mkutano umeridhia kwa kauli moja kwamba kaya zenye asili ya Burundi ziondolewe kwenye rejista ya wakazi na zipelekwe kambini. Nafasi ya tarehe na ya mahudhurio ilikuwa wazi. Mkutano ulifanyika kweli, watu wachache walikaa kimya, mwenyekiti akasaini na mimi nikasaini. Nilikuwa mgeni, nilikuwa na njaa, na nilikuwa nikikumbuka maneno ya Afisa Utumishi. Wiki iliyofuata nikaona lori. Juu yake alikaa mzee mmoja amekumbatia mlango wa nyumba yake. Mlango wenyewe, na bawaba zake.

Kwa hiyo nilipoitwa mara ya pili nilikwenda nikiwa na mdomo tayari. Safari hii ilikuwa zamu ya kijiji cha juu, upande wa Kalinzi, kwenye kahawa. Karatasi ilikuwa ileile, jina la kijiji tu ndilo limebadilishwa.

"Utajaza mahudhurio," Katibu Tarafa akasema.

"Mkutano ni lini, mzee?"

"Jumamosi."

"Leo Jumatano. Tumejuaje kwamba wataridhia kwa kauli moja?"

"Binti yangu, mahari imeshapokelewa. Jumamosi watu wanakuja kula pilau tu."

"Na bibi harusi ameulizwa?"

Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na naomba msomaji alishike hilo. Alikuwa amechoka, na pembeni yake kulikuwa na faili nene la malalamiko. La juu kabisa lilitoka kijiji hichohicho, kwa mkulima aitwaye Bihole, aliyeandika kwamba Warundi wanammalizia miti.

"Juu yangu kuna watu," akasema, "na juu yao kuna watu, na wote wanaingoja karatasi hii. Ukitaka, niletee nyingine. Iwe na muhuri wa kijiji na kila neno liwe limesemwa. Nikikuta neno moja umelitunga, unarudi kwenu na treni inayofuata, na hii ya kwangu ndiyo itakayokwenda."

Kaya zilizotajwa zilikuwa saba. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Daforoza, mjane aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni katika vita vya kwanza kule kwao, wakati mimi mwenyewe bado nabebwa. Wanawe wengine walizaliwa pale, kahawa yake ilikomaa pale, mumewe amezikwa pale. Siku nilipopanda mlima alikuwa anapukuchua maharage uani. Akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia Waha, akaniambia, "Mwakeye, mwanangu," kisha akauliza swali moja kwa Kiswahili.

"Kambini watu wanapanda kahawa?"

Nikamwambia hapana, kambini hakuna mashamba ya kahawa.

"Basi nitakuwa nafanya nini?"

Nikajificha nyuma ya sheria. Nikamwahidi kwamba Jumamosi watu watapiga kura, na kura ni kitu chenye nguvu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akijaribu kumbeba ng'ombe.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la chama cha msingi cha kahawa, watu wamekaa juu ya magunia matupu. Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Ntahondi, mrefu, mpole, mwenye koti la mvua hata wakati wa jua, alifungua. Akidi ilitimia na kuzidi. Suala la zile kaya saba nililiweka ajenda namba tatu, na nilipofika hapo nikasimama mwenyewe. Nikaeleza maana ya mkazi. Nikaeleza madaraka ya mkutano. Nilikuwa fasaha, nadhani nilizungumza nusu saa. Mwisho nikasema wanaokubali kaya hizi zibaki kijijini wanyooshe mikono.

Hakuna aliyenyoosha.

Nikasema basi wanaotaka ziondoke. Hakuna.

Sauti ikatoka nyuma: "Afisa, anayenyoosha anaandikwa jina?"

"Anahesabiwa tu. Jina nitaandika la atakayetoa hoja."

"Aa," sauti ikasema, na ghala zima likaangalia magunia.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, tena kosa la mtu aliyetoka mbali mwenye vitabu vingi. Kijiji kile hakiko mbali na mpaka. Waha na Warundi wanaelewana bila mkalimani, wameoana, wameazimana majina. Katika miaka ile, mtu aliyesimama mbele ya afisa kumtetea Mrundi angeweza kesho yake kuulizwa yeye mwenyewe babu yake kazikwa wapi. Na kumkataa jirani kama Mama Daforoza mbele ya uso wake, akiwa amekaa palepale na mjukuu mapajani, hilo hawakuweza pia. Mimi nilikuwa nimewaita wachague kati ya hatari na aibu, kisha nikasimama na kalamu.

Nikaanza kuandika, "Mkutano haukufikia uamuzi." Nilijua maana yake. Karatasi ya Katibu Tarafa ndiyo ingekwenda.

"Nafunga, mzee?" nikamuuliza Mwenyekiti.

"Bado hujafika mwisho."

"Ajenda zimekwisha."

"Mengineyo je?"

"Niliuliza asubuhi, ukaniambia hakuna."

"Asubuhi hayakuwepo. Huko chuoni hawakuwafundisha mengineyo?" Watu wakacheka, cheko la kwanza siku ile. "Hapa kwetu, Afisa, jambo zito haliwekwi namba tatu. Linaning'inia pale mbele, kila mtu analiogopa. Linawekwa mwisho, watu wakiwa wameshainua mguu mmoja waende nyumbani."

Akatoa mfuko wa nailoni kwenye koti lake, na ndani yake daftari la shule lililokunjamana. Kijiji kile kina maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe kwa bomba kutoka kwenye chanzo mlimani bila mashine. Chanzo husafishwa kwa zamu, kaya kwa kaya, na zamu husomwa mkutanoni. Wana desturi yao katika kusoma: mtu hajiitikii mwenyewe. Jirani ndiye anayemwitikia, kwa sababu jirani ndiye atakayekuja kukugongea ukisahau, na ndiye atakayelaumiwa.

"Afisa, andika," Mzee Ntahondi akasema. "Na hii usiifupishe. Kwanza nawakumbusha sheria yetu ndogo ya chanzo, ile ambayo halmashauri iliigonga muhuri: zamu ni ya mkazi wa kijiji peke yake. Asiye mkazi hagusi chanzo. Ipo au haipo?"

"Ipo," ghala likajibu.

"Ruhomvya?"

"Yupo. Jumatatu."

"Kagoma?"

"Yupo, Jumanne. Amekwenda Mwandiga na baiskeli yangu."

Majina yakateremka. Kalamu yangu ilikuwa inakimbia, na kichwa changu kikawa kimeanza kuona yanakoelekea.

"Daforoza?"

Nikasikia mvua ndogo ikianza juu ya bati. Jirani wa Mama Daforoza upande wa juu alikuwa Bihole, yule wa malalamiko. Kila mtu aliijua barua yake. Alikuwa ameisoma kwa sauti kilabuni kabla ya kuituma. Akajikuna shingo, akasimama nusu.

"Yupo," akasema. "Alhamisi. Na mwambieni safari hii aje na jembe lake. Mimi jembe langu si la kijiji."

"Wewe si ndiye uliyeandika barua?" mtu akamchokoza.

"Niliandika juu ya watu wa kambini wanaokuja kukata miti yangu. Huyu ni jirani. Kosa lake ni jembe."

Mama Daforoza, bila kuinua kichwa, akasema, "Jembe lenyewe halikati." Ghala likaangua kicheko, na katika kicheko hicho majina ya zile kaya nyingine sita yakasomwa na kuitikiwa, moja baada ya jingine, kama vile hakuna kilichopata kutokea. Mzee Ntahondi akauliza kama orodha ya wakazi wenye zamu imethibitishwa. Ikathibitishwa. Mikono yote juu, maana kunyoosha mkono kwa ajili ya maji hakumfichui mtu yeyote.

Jumatatu niliweka karatasi yangu juu ya meza ya Katibu Tarafa. Aliisoma polepole. Akaenda kabatini, akatoa faili la sheria ndogo, akalinganisha kifungu na kifungu.

"Kila neno limesemwa?"

"Hata la jembe, mzee."

"Nimeliona la jembe." Akachukua ile karatasi yake iliyopigwa taipu, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukitikisika. Kwenye orodha ya vijiji, mbele ya jina la kijiji cha juu, akaandika kwa mkono: "Waliotajwa ni wakazi. Rejea muhtasari." Akagonga muhuri. Lori lilipita barabarani siku zile, likaenda kwingine. Mlimani halikupanda.

Nilipaswa kuondoka nikiwa na furaha yangu. Lakini nikakumbuka mlango wenye bawaba.

"Mzee, na kile kijiji cha ufukweni? Kama njia hii ilikuwepo, mbona hukuniambia?"

Akavaa miwani yake. "Hukuuliza," akasema.

Kutoka hapo nimefanya kazi Kasulu, Kibondo, nikarudi kuwa Mtendaji wa Kata pale Ujiji, na miaka ya mwisho nikafundisha watendaji wapya wa vijiji. Nimewahi kuitwa mkaidi na wakurugenzi watatu, na mmoja kati yao alikuwa na haki. Jina la Bi Kwanini nilipewa kijiji cha juu, likanifuata kila kituo. Nililichukua kama cheo. Kila kundi nililofundisha nililiambia jambo moja: usiandike "kwa kauli moja" mpaka uwe umesikia angalau kauli mbili. Na ukifika mwisho wa ajenda, usifunge daftari. Watu wetu si wajinga wa utawala. Wana utawala wao, na mara nyingi umekaa pale chini ya ukurasa, kwenye mstari tunaouacha wazi.

Sijui kama tulishinda. Kaya saba zilibaki, nyingine nyingi hazikubaki, na yule mzee wa ufukweni nilimtafuta kambini miezi mitatu bila kumpata. Najivunia karatasi ile moja kuliko digrii yangu, na bado nauliza ingekuwaje kama ningeanza kuuliza mwezi mmoja mapema. Mama Daforoza alifariki akiwa mzee sana, akazikwa kwenye kahawa yake, kando ya mumewe. Bihole ndiye aliyechimba kaburi, na watu wanasema alitumia jembe lake lile lisilo la kijiji.

Nilipostaafu, ndugu zangu wa Kilosa walitarajia nirudi. Nikaomba kiwanja kijiji cha juu, nikajenga vyumba viwili. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wangu wa kwanza bila kalamu wala cheo, nikakaa nyuma kwenye gunia. Katibu wa kamati ya maji siku hizi ni mjukuu wa Mama Daforoza, yule yule aliyekuwa mapajani. Ajenda zikaisha. Yakaja mengineyo. Akatoa daftari, akaanza kusoma, na baada ya majina mengi akasoma langu.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikakumbuka desturi, nikaufunga, nikangoja. Sijawahi kungoja jambo lolote ofisini jinsi nilivyongoja pale.

"Yupo," mtu akasema nyuma yangu. "Ijumaa. Lakini atauliza kwa nini."